Jina Kwanza, Kikombe Baadaye: Kupanda na Kutumia Mitishamba Nyumbani

Utangulizi

Katika mitaa ya Kampala, Jinja au Masaka ni nadra kukuta nyumba yenye ua isiyokuwa na mmea wa dawa hata mmoja. Hapa pana kigagi kilichopandwa katika mkebe wa rangi uliotobolewa chini, pale pana kichaka cha mujaaja karibu na mlango wa jikoni, na kwenye mpaka wa kiwanja mululuza umesimama kama ua. Ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo. Rwanda na Burundi mululuza huo huo huitwa umubirizi, na matumizi yake yanajulikana vizuri vijijini. Kwa hiyo tunapozungumzia bustani ya dawa nyumbani hatuzungumzii jambo geni. Tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumelikuta, tukalizoea, na pengine hatujawahi kulichunguza.

Msomaji anaweza kuuliza: je, makala ya mitishamba yanatafuta nini katika jarida la idara ya Kiswahili? Jibu ni kwamba dawa ya mitishamba husafiri kwa maneno. Haina kibandiko wala karatasi ya maelezo ndani ya kisanduku. Mtu humwambia mwenzake jina la mmea, sehemu ya kuchukua, namna ya kuandaa na kiasi cha kunywa. Katika nchi zetu maneno hayo hupita kutoka Kiganda kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Kinyankole, kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili cha sokoni, na kila yanapovuka mpaka wa lugha kuna uwezekano wa kupotea njia. Kosa la ngeli humpunguzia mwanafunzi alama. Kosa la jina la mmea linaweza kumpeleka mtoto hospitali.

Makala haya yanaeleza, kwanza, jinsi majina yanavyoweza kutupotosha. Pili, namna ya kupanda, kuvuna na kuandaa mimea michache iliyo rahisi. Tatu, tahadhari zinazopaswa kuzingatiwa. Na mwisho, kazi ambayo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuifanya darasani kuhusu jambo hili.

Jina moja, mimea miwili

Tuanze na mti mashuhuri kuliko yote, yaani mwarobaini. Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini, na jina lake la kitaalamu ni Azadirachta indica. Jina la Kiswahili limetokana na neno arobaini, kwa imani kwamba mti huu unatibu maradhi arobaini. Ikumbukwe kwamba hilo ni jina la sifa. Si matokeo ya utafiti. Hakuna aliyeyahesabu maradhi hayo na kuyathibitisha moja moja.

Tatizo ni kwamba mwarobaini una ndugu anayefanana naye sana, ambaye jina lake la kitaalamu ni Melia azedarach. Hapa Uganda wengi huuita lira, na baadhi ya wasemaji wa Kiswahili huuita mwarobaini nusu. Mtu anayesikia "mwarobaini nusu" anaweza kudhani kwamba ni dawa ile ile yenye nguvu pungufu. La hasha. Matunda ya lira yana sumu inayodhuru tumbo na mishipa ya fahamu, nayo imewahi kuwadhuru watu na mifugo, hasa nguruwe.

Namna ya kuitofautisha miti hii miwili ni rahisi ukishaelekezwa. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na vijani vyake vimepangwa pande mbili za kikonyo hicho kama unyoya. Jani la lira hugawanyika mara mbili: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vinavyobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya lira ni ya zambarau iliyopauka. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni, ilhali la lira ni la duara, na hubaki likining'inia kwa vishada vya manjano hata majani yanapokuwa yamepukutika.

Mfano wa pili ni neno mbono. Katika Kiswahili neno hili hutumiwa kwa mmea unaoitwa pia mbarika au mnyonyo, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya nyonyo. Lakini liko pia katika jina mbono kaburi, ambalo ni la mmea mwingine kabisa, Jatropha curcas. Kiganda kimetenganisha mimea hii waziwazi: wa kwanza ni ensogasoga, wa pili ni kiroowa, ule ambao wakulima wengi hupanda ili vanila iupande. Mtafsiri akiandika "mbono" tu, ameufuta mpaka ambao Kiganda kilikuwa kimeuchora. Na mpaka huo una maana, ingawa mbegu za mimea yote miwili ni hatari. Mbegu za ensogasoga zikitafunwa zinaweza kuua, na mbegu za kiroowa huwadanganya watoto kwa sababu zina ladha kama ya karanga, kisha huwaletea matapishi na kuhara kukali. Mtoto akifikishwa hospitali, mhudumu atauliza: amekula nini? Jibu la "mbono" halimsaidii vya kutosha.

Mfano wa tatu ni wa siku za karibuni zaidi. Jina artemisia limeenea sana Uganda, Rwanda na Kongo, na watu hupanda mmea huo na kuuchemsha kama chai ya malaria. Lakini chini ya jina hilo kuna angalau mimea miwili. Artemisia annua asili yake ni Asia, na ndimo inamotolewa artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria. Artemisia afra ni mmea wa nyanda zetu za juu barani Afrika, na haina artemisinini ya kutegemewa. Anayepewa mche kwa jina la "artemisia" hajui amepewa upi. Suala la chai yenyewe tutalirudia tutakapofika kwenye tahadhari.

Mmea mmoja, majina mengi

Upande wa pili wa jambo hili ni mmea mmoja kuwa na majina mengi. Hapa hatari ni ndogo zaidi, lakini hasara ipo: watu wenye ujuzi wa mmea mmoja hawaelewani kwa sababu kila mmoja ana jina lake. Ifuatayo ni mifano michache:

1. Mululuza (Kiganda), omubirizi (Kinyankole), umubirizi (Kinyarwanda na Kirundi), olusia (Kijaluo): Vernonia amygdalina.

2. Mujaaja (Kiganda), umwenya (Kinyarwanda), kivumbasi (Kiswahili): Ocimum gratissimum. Tahadhari: neno kivumbasi hutumiwa pia kwa mimea mingine ya jamii hiyo hiyo.

3. Kigagi (Kiganda), igikakarubamba (Kinyarwanda), mshubiri (Kiswahili): jamii ya Aloe, yenye spishi nyingi.

4. Ensogasoga (Kiganda), ikibonobono (Kinyarwanda na Kirundi), mbarika au mbono (Kiswahili): Ricinus communis.

Wanaisimu wataona mara moja undugu wa mbono na ikibonobono. Undugu wa aina hii unasaidia kukumbuka, lakini usitumiwe kama ushahidi kwamba mmea ni ule ule. Ushahidi ni mmea wenyewe: jani, ua, tunda, harufu. Kwa sababu hiyo jina la kitaalamu lina faida hata kwa asiyekuwa mwanasayansi. Hata hayo nayo hubadilika mara chache. Baadhi ya wataalamu sasa huiweka mululuza katika jenasi nyingine, Gymnanthemum. Hata hivyo majina ya zamani huhifadhiwa katika kumbukumbu, na mtu anaweza kuyafuatilia.

Kazi ya kukusanya majina haya ilianza zamani. P. J. Greenway, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili katika miaka ya 1930. John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Kenya, alichapisha mwaka 1976 kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambamo majina ya lugha nyingi yamewekwa pamoja na majina ya kitaalamu. Mwalimu akivipata vitabu hivi maktabani, avitumie.

Sehemu gani ya mmea?

Kujua jina hakutoshi. Mmea mmoja unaweza kuwa na sehemu inayofaa na sehemu inayodhuru. Mfano mzuri umetoka katika milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, pamoja na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, aliyekuwa mjuzi wa dawa za Watongwe, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa aliyepewa jina la Chausiku. Sokwe huyo alikata matawi machanga ya Vernonia amygdalina, yaani mululuza wetu, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alionekana amepata nguvu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, na uchunguzi wa kikemia uliofuata ulionyesha kwamba majani yana viambato vyenye sumu kali zaidi kuliko kiini kile.

Binadamu hutumia majani, na wapo wanaoyaosha na kuyafikicha mara kadhaa ili kupunguza uchungu. Hoja yetu si kwamba tumwige sokwe. Hoja ni kwamba maelezo "kunywa mululuza" hayajakamilika. Sharti yaseme: majani, kiini, gome au mizizi? Machanga au yaliyokomaa? Mabichi au makavu? Swali hilo ndilo tofauti kati ya dawa na sumu katika mimea mingi.

Kuanzisha bustani

Bustani ya dawa haihitaji shamba. Mita mbili mraba zinatosha, na asiye na ardhi anaweza kutumia magunia, ndoo kuukuu au mikebe iliyotobolewa ili maji yasituame. Mambo ya kuzingatia ni haya:

Mahali. Chagua mahali penye jua angalau nusu ya siku. Epuka kando ya barabara yenye vumbi na moshi wa magari, karibu na choo, mtaro wa maji machafu, jaa la taka, au mahali palipopigwa dawa ya wadudu. Mmea wa dawa huliwa au kunywewa. Uchafu wake nao hunywewa.

Udongo. Changanya udongo na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu.

Asili ya mche. Chukua mche kwa mtu unayemjua anayeutumia mmea huo, au kwenye bustani inayoaminika. Ukiwa na shaka, kata tawi lenye majani, na maua au matunda ikiwezekana, uligandamize kati ya magazeti mpaka likauke, ulipeleke kwa wataalamu. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na huko Wandegeya, Kampala, iko taasisi ya Wizara ya Afya inayochunguza dawa za asili.

Kibao. Kila mmea uwe na kibao chenye jina la lugha ya nyumbani, jina la Kiswahili na jina la kitaalamu. Kibao hiki ni kwa ajili ya yule atakayeikuta bustani wewe ukiwa haupo.

Mimea mitano ya kuanza nayo

Anayeanza asipande mimea ishirini. Mitano inayojulikana vizuri inatosha, na mitatu kati yake ni ile ambayo tayari tunaitumia kama kiungo cha chai au chakula.

Mchaichai. Hupandwa kwa kugawanya shina lenye mizizi. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya shina na shina, kwani hutanuka. Baada ya miezi michache unaweza kuanza kukata majani. Hutumiwa kama chai ya kuchangamsha mwili na kutuliza tumbo lililojaa gesi.

Mujaaja. Huota kwa mbegu au kwa kipande cha tawi. Ukikata vilele mara kwa mara hutoa matawi mengi zaidi. Majani machache katika birika la chai hutoa harufu nzuri, na wengi huutumia kwa mafua na kikohozi chepesi.

Tangawizi. Panda kipande chenye jicho, kina cha kama sentimita tano, katika udongo laini na mahali penye kivuli kidogo. Huvunwa baada ya miezi minane hadi kumi majani yanapokauka. Husaidia kichefuchefu. Kwa kikohozi huchanganywa na asali, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Kigagi au mshubiri. Hupandwa kwa vichipukizi vinavyoota pembeni ya mmea mama. Usiumwagilie kupita kiasi. Ute mweupe wa ndani hupakwa juu ya ngozi iliyoungua kidogo, baada ya kuipoza kwanza kwa maji safi yanayotiririka. Maji ya manjano yanayotoka chini ya ganda ni kitu kingine: huharisha kwa nguvu na hayafai kunywewa nyumbani, hasa na wajawazito. Hapa tena, jani ni moja lakini dawa ni mbili.

Mululuza. Kata kijiti cha urefu wa mkono, kichomeke ardhini mwanzo wa mvua, nacho kitashika. Hufaa kuwa ua. Huu ni mmea wenye nguvu, kwa hiyo upande lakini usiutumie bila maelekezo ya mtu mwenye ujuzi.

Kuvuna, kukausha na kuhifadhi

Vuna majani asubuhi baada ya umande kukauka. Chagua yasiyo na madoa wala wadudu, na usikate zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa wakati mmoja. Osha kwa maji safi, kung'uta, kisha yatandaze kwenye kivuli chenye hewa, juu ya kitambaa au chekecheke. Jua kali huyapausha majani na kuondoa mafuta yenye harufu, ambayo mara nyingi ndiyo dawa yenyewe. Yakiwa makavu kiasi cha kuvunjika yanapofikichwa, yahifadhi katika chupa au mfuko wa karatasi, mbali na jua na unyevu.

Andika juu yake mambo matatu: jina la mmea, sehemu iliyovunwa na tarehe. Majani mengi yakishakaushwa hufanana. Yakipata ukungu au yakipoteza harufu, tupa. Yakizidi mwaka mmoja, tupa vilevile.

Vitenzi vya dawa

Walimu wa lugha wanajua kwamba uzito wa maelekezo uko kwenye kitenzi. Katika mitishamba vitenzi ni vingi na havibadilishani. Kuloweka ni kuacha mmea ndani ya maji kwa muda. Kumiminia maji ya moto na kufunika kunafaa majani laini yenye harufu kama mujaaja. Kuchemsha au kutokosa hutumiwa kwa magome na mizizi. Kutwanga ni kuponda kinuni; kufikicha ni kusugua kwa viganja; kukamua ni kutoa maji; kuchuja ni kutenga makapi. Kunywa, kusukutua, kupaka na kujifukiza ni njia nne tofauti za kuitumia dawa. Dawa ya kusukutua si lazima iwe salama kumezwa.

Historia ya dawa ya malaria inathibitisha uzito wa kitenzi kimoja. Mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa ameshindwa kupata matokeo ya kuaminika kutoka Artemisia annua. Alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 na kusoma tena maelekezo yake. Kitabu hakikusema mmea uchemshwe. Kilisema uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Tu akafikiri huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kali, akafanikiwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Ushindi huo ulitokana na maabara, lakini ulipitia kwenye usomaji makini wa sentensi moja.

Vipimo navyo vina utata. "Konzi moja" ya mtu mzima na ya mtoto si sawa. "Glasi" yaweza kuwa ya chai au ya bia. "Kijiko" chaweza kuwa cha chai au cha chakula. Anayeandika au kutafsiri maelekezo ya dawa asiache neno la namna hii likae peke yake.

Tahadhari

Kwanza, homa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kabla ya saa 24 kupita, katika kituo cha afya au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kumpa chai ya mitishamba "tuone kwanza" ndiko kunakopoteza saa ambazo haziwezi kurudishwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2012, na tena mwaka 2019, kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea wa artemisia wenyewe, kwa umbo lolote, kukinga au kutibu malaria. Kiasi cha dawa hubadilika kutoka mmea hadi mmea, kikombe hakitoi dozi kamili, na dozi pungufu huweza kuwafundisha vimelea kuistahimili dawa ambayo sote tunaitegemea.

Pili, wajawazito na watoto wachanga. Mjamzito asitumie mululuza, mwarobaini wala maji ya manjano ya kigagi. Katika Buganda kuna emmumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba, ambao wajawazito huusugua katika maji na kunywa. Anayeununua sokoni hawezi kujua ni mimea ipi iliyotiwa ndani, kwa hiyo amwambie mkunga kabla ya kuutumia. Kuna pia kyogero, maji ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto. Maji hayo yasinyweshwe mtoto, yasigusishwe kitovu ambacho hakijapona, na yasiwekwe kwa siku kadhaa, maana maji ya mimea yaliyolala huzaa vijidudu.

Tatu, mafuta ya mwarobaini. Mtoto asinyweshwe mafuta haya hata kidogo. Madaktari wa Malaysia waliripoti mwaka 1981 watoto waliopata sumu baada ya kunyweshwa. Walitapika, wakasinzia na kupatwa na degedege.

Nne, dawa za hospitali. Anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, VVU, au za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kila mtishamba anaotumia. Baadhi ya mimea huongeza nguvu ya dawa kupita kiasi, na mingine huipunguza. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Ni wajibu wa mhudumu kuuliza kwa heshima, na wa mgonjwa kujibu kweli.

Tano, mchanganyiko. Tumia mmea mmoja kwa wakati mmoja. Ukichanganya mitano na ukadhurika, hutajua ni upi.

Sita, ajali. Mtu akila mmea wenye sumu, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali haraka, na uchukue kipande cha mmea huo. Kipande hicho ni shahidi bora kuliko jina.

Kazi ya darasani

Somo hili linafaa sana kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu kila mmoja ana cha kuchangia. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani, kisha kuandika mahojiano hayo kwa Kiswahili. Ufuatao ni mfano tulioutunga kwa ajili ya darasa:

Mwanafunzi: Jjajja, samahani, mmea huu unaitwaje hapa kwetu?
Jjajja: Huo ni mululuza, mjukuu wangu. Jirani zetu Wanyankole wanauita omubirizi.
Mwanafunzi: Mnatumia sehemu gani?
Jjajja: Majani. Mizizi siigusi.
Mwanafunzi: Unayachemsha, au unayaloweka?
Jjajja: Nayafikicha katika maji baridi, kisha nachuja.
Mwanafunzi: Halafu mtu anakunywa kiasi gani?
Jjajja: Glasi moja.
Mwanafunzi: Naomba unionyeshe hiyo glasi, jjajja.
Jjajja: Hii hapa, ndogo. Nani amekuambia kubwa?
Mwanafunzi: Na nani hapaswi kunywa?
Jjajja: Mwenye mimba, na mtoto. Hao siwapi.
Mwanafunzi: Na mtu akiwa na homa?
Jjajja: Siku hizi mwenye homa tunampima kwanza. Uchungu wa mululuza hauna macho ya kuona malaria.

Mazungumzo haya yana maswali sita: jina, sehemu, maandalizi, kipimo, asiyeruhusiwa, na wakati wa kwenda hospitali. Mwanafunzi asilete darasani dawa ambayo haina majibu ya maswali yote sita. Kisha darasa liandae orodha ya mimea yenye safu ya majina ya lugha mbalimbali, jina la Kiswahili na jina la kitaalamu lililohakikiwa na wenzetu wa idara ya mimea. Mahali ambapo Kiswahili hakina jina, au kina jina moja kwa mimea miwili, wanafunzi wapendekeze suluhisho: kukopa neno la lugha ya nyumbani, kama kiroowa, au kuongeza neno la kubainisha. Hiyo ndiyo kazi halisi ya istilahi.

Hitimisho

Mwaka 2019 Uganda ilipitisha sheria ya tiba za asili na tiba mbadala. Tanzania ilikuwa na sheria yake tangu 2002. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja: maelekezo, vibandiko na mafunzo ya dawa za asili yatazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na watakaoyaandika na kuyatafsiri ni wanafunzi wetu. Wasipojua kutenganisha mwarobaini na lira, ensogasoga na kiroowa, kuloweka na kuchemsha, watakuwa wamefasiri maneno na kuacha maana.

Wazee wanaoijua mimea hii kwa kuitazama na kuinusa wanazidi kupungua. Tuwahoji wangali nasi, tupande mimea michache tunayoijua, tuiwekee vibao, na tusimpe mtu kikombe kabla ya kulijua jina.